Homoni, chumvi na mishipa midogo ya figo: Siri ya shinikizo la damu kuanzia Oyugis hadi Nairobi

MWAKA wa 1929, daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha taarifa fupi katika jarida la kitabibu la The Lancet. Alikuwa amehudumu kwa miaka miwili huko Kavirondo Kusini, wilaya ya kikoloni iliyopakana na Ziwa Victoria. Ndani yake mlikuwamo maeneo ambayo leo yanaitwa Kisii, Migori na Homa Bay, pamoja na Oyugis na vijiji vyake.

Dkt Donnison aliandika kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini katika muda huo, hakukutana na hata mmoja aliyekuwa na shinikizo la juu la damu. Alipopima watu 1,000, aligundua jambo la pili la kushangaza: shinikizo la damu la wakazi hao halikupanda kwa kadiri walivyozeeka, kama ilivyokuwa Ulaya. Baada ya umri wa miaka 40, lilielekea kushuka.

Leo hali ni tofauti kabisa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kuwa asilimia 23.8 ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Aidha, asilimia 56 ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa.

Ni nini kilichotokea kati ya nyakati hizo mbili? Miili ya watu haibadiliki kimaumbile katika vizazi vitatu au vinne. Kilichobadilika ni maisha, na hasa chakula. Sehemu kubwa ya jibu imo katika mishipa ya damu ya figo isiyoonekana kwa macho, na katika vipokezi vya homoni vilivyotanda juu ya kuta za mishipa hiyo.

Makala haya yanaeleza vipokezi hivyo ni nini, mwili unavidhibiti vipi, na kwa nini mkazi wa Oyugis ana sababu ya kuvifahamu.

Kichujio chenye milango miwili

Figo mbili za mtu mzima hupokea takriban thuluthi moja ya lita tatu za damu, yaani lita moja au zaidi kidogo, kila dakika. Hiyo ni kama sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Hakuna viungo vingine vyenye uzani mdogo kama huo vinavyopewa damu nyingi kiasi hicho.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio ni fundo la kapilari, yaani mishipa myembamba kuliko yote mwilini. Damu huingia katika fundo hilo kupitia kishipa kimoja, ambacho hapa tutakiita kishipa cha kuingizia, na huondoka kupitia kishipa kingine, kishipa cha kutolea.

Mpangilio huu ni wa ajabu. Kwingineko mwilini, damu ikishapita katika kapilari huingia moja kwa moja katika vena na kurudi moyoni. Katika figo, kapilari zimewekwa kati ya vishipa viwili vyenye misuli, na kila kimoja kinaweza kubanwa au kulegezwa peke yake.

Faida yake ni rahisi kuelewa. Kishipa cha kuingizia kikibanwa, damu inayofika kwenye kichujio hupungua na shinikizo ndani yake hushuka. Kishipa cha kutolea kikibanwa, damu hurundikana nyuma yake kama maji ya mfereji uliozibwa kwa chini, na shinikizo ndani ya kichujio hupanda.

Kwa kucheza na vishipa hivyo viwili, figo huweza kuchuja lita zipatazo 180 za majimaji kwa siku bila kutetereka, hata shinikizo la damu mwilini linapopanda na kushuka. Karibu majimaji yote hayo hurudishwa katika damu; kinachotoka kama mkojo huwa lita moja au mbili tu.

Swali ni hili: nani huamuru kishipa kibanwe au kilegezwe? Mwenye sauti kubwa zaidi katika kazi hiyo ni homoni iitwayo anjiotensini ya pili.

Safari ndefu ya uvumbuzi

Historia ya homoni hii ilianza mwaka wa 1898 jijini Stockholm, Uswidi. Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakawadunga sungura wengine maji yake, nao shinikizo la damu la wanyama hao likapanda. Kitu hicho wakakiita renini.

Ugunduzi huo ulipuuzwa kwa zaidi ya miaka 30. Mnamo 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alibana mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, akaonyesha kuwa figo inayonyimwa damu hupandisha shinikizo la mwili mzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, makundi mawili, moja la Buenos Aires nchini Argentina na jingine la Indianapolis nchini Marekani, yaligundua kila moja kivyake kwamba renini yenyewe haibani mishipa. Kazi yake ni kuikata protini inayotoka kwenye ini, na kutokana na mkato huo hupatikana kitu kingine chenye nguvu. Kila kundi lilikipa jina lake, hadi mwaka wa 1958 walipokubaliana kuyaunganisha majina hayo na kuwa anjiotensini.

Mtaalamu mmoja katika historia hii anastahili kukumbukwa na wasomaji wa ukanda wa ziwa. Stanley Peart, wa Hospitali ya St Mary's jijini London, pamoja na mwenzake Donald Elliott, walibainisha mwaka wa 1956 mpangilio wa asidi amino katika anjiotensini ya ng'ombe. Miaka zaidi ya 30 baadaye, jina la Peart lingeonekana tena katika utafiti uliowahusu Waluo wa Kenya. Tutarejea huko.

Kwa ufupi, mnyororo wenyewe ni huu. Damu au chumvi inapopungua mwilini, seli maalumu katika ukuta wa kishipa cha kuingizia hutoa renini. Renini huikata protini ya ini na kutoa anjiotensini ya kwanza, yenye asidi amino 10. Kimeng'enya kilichojaa hasa katika mapafu huondoa mbili kati ya hizo, na hapo hupatikana anjiotensini ya pili, yenye asidi amino nane. Uhai wake katika damu ni mfupi, chini ya dakika moja.

Homoni bila kipokezi ni barua bila msomaji

Homoni husafiri katika damu na kupita mbele ya mabilioni ya seli. Zinazoitikia ni zile tu zenye kipokezi chake.

Kipokezi ni protini iliyopenyezwa katika ngozi ya seli. Upande wake wa nje una umbo linalolingana na homoni, kama tundu la kufuli linavyolingana na ufunguo wake. Homoni ikiingia, protini hiyo hubadilisha umbo lake na upande wa ndani hupeleka ishara.

Katika seli za misuli ya vishipa vya figo, ishara hiyo huachilia kalisiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Kalisiamu huifanya misuli ijikaze, na kishipa hubana.

Anjiotensini ya pili ina aina mbili kuu za vipokezi, zilizotofautishwa na wanasayansi mwaka wa 1989. Ya kwanza, AT1, ndiyo inayobana mishipa, kuhifadhi chumvi, kuamsha kiu, na ikisisimuliwa kwa miaka mingi huchochea makovu katika figo na moyo. Ya pili, AT2, kwa kiasi kikubwa huelekea kupinga kazi ya ile ya kwanza. Katika mtu mzima, AT1 ndiyo iliyo nyingi zaidi.

Vipokezi hivi ni wa ukoo mkubwa wa protini ambao uchunguzi wake uliwapatia Wamarekani Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2012.

Ikumbukwe kwamba anjiotensini hubana vishipa vyote viwili vya kichujio, lakini kile cha kutolea huitikia kwa nguvu zaidi. Hii ndiyo sababu mtu aliyepoteza damu au maji mengi huendelea kuchuja uchafu kwa muda: damu inayoingia imepungua, lakini mlango wa kutokea umebanwa, na shinikizo ndani ya kichujio hubakia.

Idadi ya vipokezi si ya kudumu

Kwa miaka mingi madaktari walipima kiasi cha homoni katika damu na kudhani wameona yote. Baadaye ilibainika kwamba nguvu ya homoni hutegemea pia idadi ya vipokezi na utayari wake, na kwamba mwili huvipunguza na kuviongeza kila siku.

Udhibiti wa kwanza ni wa dakika chache. Kipokezi kikishasisimuliwa, vimeng'enya ndani ya seli hukitia alama ya fosfeti. Protini iitwayo arestini hujibandika juu ya alama hiyo na kuikata ishara. Kisha kipokezi huvutwa ndani ya seli katika kifuko kidogo, ambamo ama huvunjwa au husafishwa na kurudishwa juu. Kwa njia hii seli hujikinga na kelele ya homoni iliyozidi.

Udhibiti wa pili ni wa saa na siku. Seli hupunguza au kuongeza utengenezaji wa vipokezi vipya kwa kuzuia au kuamsha jeni lake. Homoni ya kike ya estrojeni huelekea kupunguza vipokezi vya AT1 katika mishipa. Kolesteroli mbaya na insulini nyingi huelekea kuviongeza, na hii ni mojawapo ya njia ambazo unene wa kupindukia na kisukari hushikana mkono na shinikizo la damu.

Hata hivyo, kidhibiti kinachomgusa kila mtu mezani ni chumvi.

Mnamo 1974, Norman Hollenberg na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa watu wenye afya. Waliwalisha chakula chenye chumvi nyingi, kisha chenye chumvi kidogo, na kila mara wakawadunga anjiotensini ya pili na kupima mwitikio.

Watu walipokula chumvi nyingi, mishipa ya figo ilibanwa kwa nguvu na homoni ile ile iliyowabana kidogo tu walipokula chumvi kidogo. Tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo na inayotoa homoni ya kuhifadhi chumvi iitwayo aldosteroni, ilifanya kinyume chake: iliitikia zaidi chumvi ilipokuwa kidogo.

Majaribio ya panya katika miaka ya 1980 yalitoa sehemu ya maelezo. Chumvi ilipopunguzwa, anjiotensini iliongezeka katika damu, na vipokezi vyake katika vichujio vya figo vikapungua. Katika tezi ya adrenali, vikaongezeka.

Hekima ya mpangilio huu inaonekana ukiufikiria kwa makini. Binadamu wa kale aliishi mahali penye chumvi haba. Alihitaji anjiotensini nyingi ili adrenali ihifadhi kila chembe, lakini hakutaka homoni hiyo izibe mishipa ya figo zake. Mwili ukapata suluhisho: ukaongeza masikio upande mmoja na kuyapunguza upande mwingine, homoni ikiwa ni moja.

Tatizo huzuka pale chumvi inapokuwa nyingi siku zote. Renini hushuka, lakini mishipa ya figo hubaki na usikivu mkubwa kwa anjiotensini iliyosalia, ikiwemo ile inayotengenezwa ndani ya figo yenyewe. Kundi la Boston lilionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa shinikizo la damu hawana uwezo wa kawaida wa kurekebisha mwitikio huu kulingana na chumvi. Figo zao hushindwa kutoa chumvi upesi, na mwili hulazimika kupandisha shinikizo ili kuisukuma nje.

Kutoka kijijini hadi Nairobi

Hapa ndipo utafiti wa Waluo unapoingia. Katika miaka ya 1980, Neil Poulter na wenzake, akiwemo Stanley Peart tuliyemtaja, waliwafuatilia vijana waliohama kutoka vijiji vya kaskazini mwa ufuo wa Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990 katika jarida la British Medical Journal.

Wahamiaji walikuwa 325. Walilinganishwa na wenzao 267 wa umri, jinsia na eneo moja nao, waliobaki vijijini. Tofauti na tafiti nyingi zilizolinganisha mji na kijiji kwa siku moja, huu uliwapima watu wale wale tena na tena kwa muda wa hadi miaka miwili.

Shinikizo la damu la waliohama lilikuwa juu kuliko la waliobaki, na tofauti hiyo ilionekana mapema baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulibeba sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Mapigo ya moyo yao pia yalikuwa ya kasi zaidi, dalili kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa katika hali ya tahadhari.

Watafiti walihitimisha kwamba chakula cha mjini, chenye chumvi na nguvu nyingi lakini potasiamu kidogo, kilikuwa na mchango mkubwa. Hawakuhesabu vipokezi vya figo, kwa kuwa haikuwezekana kufanya hivyo kwa mtu mzima anayetembea. Lakini matokeo yao yanaafikiana na yale ya Boston: badili chumvi, na figo hubadili jinsi inavyoisikiliza homoni.

Utafiti huo ulifanywa ng'ambo ya pili ya ghuba, si Oyugis yenyewe. Hata hivyo, mkazi wa Rachuonyo atautambua mkondo wake. Oyugis uko kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kisii, na kwa vizazi kadhaa vijana wake wamepanda magari kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya majani chai ya Kericho, Nairobi na Mombasa. Isitoshe, siku hizi si lazima mtu ahame: mkate, vibanzi, vitafunio vya paketi na vidonge vya kukoleza mchuzi vimemfuata hadi sokoni kwake.

Dawa zinazofunga tundu la kufuli

Kuelewa vipokezi hivi kumezaa baadhi ya dawa zinazotumika sana duniani. Kundi la kwanza huzuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini ya pili. Chanzo chake ni sumu ya nyoka wa Brazil aitwaye jararaka, iliyochunguzwa na Sérgio Ferreira katika miaka ya 1960. Dawa ya kumeza ya kwanza, kaptoprili, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Enalaprili ni ya ukoo huo.

Kundi la pili huziba kipokezi cha AT1 chenyewe. Ya kwanza kuidhinishwa, mwaka wa 1995, ilikuwa losartani, ambayo leo hupatikana katika maduka mengi ya dawa nchini Kenya.

Kwa kuzuia mbano wa kishipa cha kutolea, dawa hizi hushusha shinikizo ndani ya kichujio na kupunguza protini inayovuja kwenye mkojo. Utafiti wa mwaka wa 1993 kuhusu kaptoprili na tafiti za mwaka wa 2001 kuhusu dawa za kuziba kipokezi zilithibitisha kwamba huchelewesha kufa kwa figo za wagonjwa wa kisukari. Zimetumiwa pia kupunguza protini katika mkojo wa watu wenye ugonjwa wa selimundu, maradhi yanayojulikana vyema katika familia za ukanda wa ziwa.

Je, zinamfaa kila mgonjwa wa shinikizo la damu? La. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika walio na maradhi haya huwa na renini ya chini. Kwao, dawa za makundi haya zikitumiwa peke yake mara nyingi hushusha shinikizo kwa kiasi kidogo kuliko zile za kulegeza mishipa kwa kuzuia kalisiamu, au za kuongeza mkojo.

Mwaka wa 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliowahusisha wagonjwa 728 Waafrika katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda. Ulionyesha kwamba amlodipini, inayozuia kalisiamu, ikichanganywa na dawa ya kuongeza mkojo au na perindoprili, ambayo ni ya ukoo wa kaptoprili, hushusha shinikizo vizuri zaidi kuliko perindoprili na dawa ya kuongeza mkojo bila amlodipini.

Kwa hivyo mgonjwa asishangae jirani yake akipewa vidonge tofauti na vyake. Wala asimwazime vyake.

Hatari tatu za kujihadhari nazo

Hatari ya kwanza ni dawa za maumivu. Kishipa cha kuingizia huachwa wazi kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki na ibuprofeni huzizuia. Mtu mwenye afya huenda asihisi lolote. Lakini anayetumia enalaprili au losartani tayari amelegeza kishipa cha kutolea. Akiongeza diklofenaki, cha kuingizia kitabanwa, na kichujio kitakosa shinikizo pande zote mbili. Akiwa pia anatumia dawa ya kuongeza mkojo, figo zinaweza kuacha kazi kwa siku chache tu.

Dawa hizo za maumivu hununuliwa kwa urahisi, na mkulima mwenye mgongo unaouma hawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu. La muhimu ni kumwambia muuzaji wa dawa kwamba anatibiwa shinikizo la damu au figo, na kuuliza kama parasetamoli inaweza kumtosheleza.

Hatari ya pili ni kuishiwa na maji. Mgonjwa anayeharisha au kutapika sana, iwe ni kwa kipindupindu, malaria au chakula kibovu, hutegemea mbano wa kishipa cha kutolea ili figo ziendelee kuchuja. Dawa hizi huondoa kinga hiyo. Anapaswa kufika kituo cha afya upesi na kuzitaja dawa zake zote, kwani mara nyingi wahudumu huzisimamisha kwa muda hadi maji yarejee mwilini.

Hatari ya tatu ni ya ujauzito. Kwa kawaida, mishipa ya mwanamke mjamzito huwa mizito kuitikia anjiotensini ya pili, ingawa homoni hiyo huongezeka katika damu yake. Mnamo 1973, Norman Gant na wenzake wa Dallas, Marekani, walionyesha kuwa wanawake waliokuja kupata shinikizo la damu la mimba walipoteza uzito huo wiki nyingi kabla ya dalili kuonekana. Mwaka wa 1999, watafiti nchini Ujerumani walipata katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo kingamwili zinazokisisimua kipokezi cha AT1 kana kwamba ni homoni yenyewe.

Hali hiyo huharibu kapilari za vichujio vya figo, protini huvuja kwenye mkojo, na isipotibiwa inaweza kuishia katika kifafa cha mimba na kifo. Ndiyo maana mjamzito hupimwa shinikizo na mkojo kila aendapo kliniki. Si desturi tu.

Ikumbukwe pia kwamba enalaprili, losartani na dawa za jamii zao hazifai katika ujauzito, kwa sababu huweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Mwanamke anayezitumia na kupanga kupata mimba, au aliyekwisha kuipata, amwone mhudumu wa afya bila kukawia ili abadilishiwe. Asiache tu matibabu kimya kimya.

Aidha, yeyote anayetumia kaptoprili au enalaprili na kuona midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla anapaswa kukimbizwa hospitalini. Tatizo hilo ni nadra, lakini huwapata watu weusi mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Jibu lililo sokoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofikia gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika katika mkate na vyakula vya paketi. Linashauri pia apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka kwenye chakula.

Kuhusu potasiamu, wakazi wa Oyugis hawana haja ya kwenda mbali. Viazi vitamu vya Kabondo, vinavyojulikana katika masoko mengi ya Kenya, vina potasiamu kwa wingi. Vivyo hivyo maharagwe, ndizi, na mboga za kienyeji kama osuga, boo na dek. Omena na samaki waliokaushwa kwa jua ni chakula chema. Kinachohitaji kuangaliwa ni chumvi inayotumiwa kuwahifadhi na ile inayoongezwa chunguni na mezani.

Kupunguza chumvi hakumaanishi kuacha ile yenye madini ya joto, ambayo mwili unayahitaji. Ni kupunguza kiasi, si kubadili aina.

Onyo moja ni la lazima. Mtu ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika, au anayetumia dawa za kuzuia anjiotensini, anaweza kurundika potasiamu katika damu hadi moyo ukasimama. Huyo asile potasiamu kwa wingi, wala asitumie chumvi mbadala yenye potasiamu, kabla ya kupimwa damu na kushauriwa.

Kupima ni bure kuliko kutibu

Uharibifu wa mishipa midogo ya figo hauumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake akiwa bado analima, anafanya biashara na kucheka na wenzake. Miguu inapovimba na mkojo kujaa povu, huenda njia ya kurudi ikawa imefungwa, na kilichobaki ni mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, au kupandikizwa figo.

Mwaka wa 2023, serikali ya Kenya iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba ya kazi, ikiwa na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Kipimo huchukua dakika chache. Kipimo cha protini katika mkojo, kwa kutumia kijiti cha karatasi, nacho ni rahisi na hutambua mapema figo inayovuja.

Kila aliyefikisha umri wa miaka 40, kila mwenye kisukari, virusi vya Ukimwi au selimundu, na kila ambaye mzazi wake aliugua shinikizo la damu au figo, anafaa kupimwa vyote viwili angalau mara moja kwa mwaka.

Karibu karne moja iliyopita, daktari alipita Kavirondo Kusini na asipate ugonjwa huu. Vipokezi vilikuwamo katika figo za watu hao, kama vilivyomo katika figo za wajukuu wao. Vilikuwa tu vikiishi na chumvi kidogo, viazi na mboga nyingi, na homoni iliyofanya kazi yake bila kusumbuliwa. Sehemu ya hali hiyo bado inaweza kurejeshwa, na kazi hiyo inaanzia jikoni.